Nimonia kwa Wazee Waliolazwa: Mwongozo wa Kuitambua Mapema, Kuitibu na Kuizuia Wodini

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu wa aina mbili wanaokutana kando ya kitanda kimoja: wauguzi na waganga wa wodi za kawaida, zile ambazo usiku hubaki na muuguzi mmoja au wawili, na ndugu wanaomuuguza mzee wao aliyelazwa. Sehemu kubwa ya hatua zilizomo hazihitaji mashine. Zinahitaji saa yenye mshale wa sekunde, mswaki, mito, na mtu mwenye subira.

Katika mwaka wangu wa pili kazini nilipokea zamu na kumkuta bibi mmoja aliyelazwa kwa kuvunjika nyonga. Taarifa niliyokabidhiwa ilisema kwamba hali yake ilikuwa ya kawaida, hana homa, amepumzika. Alikuwa amelala kweli, lakini kanga aliyojifunika kifuani ilipanda na kushuka mara 34 kwa dakika. Mjukuu wake aliniambia kwamba tangu jana yake bibi alikuwa akimwita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Hakuwa amekohoa hata mara moja. Nilipofungua chati nilikuta pumzi zimeandikwa 20 asubuhi na 20 jioni kwa siku tatu mfululizo, na kila aliyewahi kufanya kazi wodini anajua namba hiyo huandikwaje pale ambapo hakuna aliyehesabu. Picha ya kifua ilionyesha nimonia sehemu ya chini ya pafu la kulia.

Nimonia, ambayo nyumbani wengi huiita homa ya mapafu au kichomi, humpata mzee kwa njia mbili. Yuko anayekuja nayo kutoka nyumbani, na yuko anayeipatia wodini. Ile inayoanza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa huhesabiwa kuwa imepatikana hospitalini. Hii ya pili ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu mzee alikuja kutibiwa nyonga, henia au kiharusi, nasi tukamwongezea ugonjwa mwingine. Mara nyingi chanzo chake si kitu cha ajabu. Ni mate yenye bakteria wengi yanayoteremka mapafuni kidogo kidogo, kutoka kwenye kinywa ambacho hakijasafishwa, kwa mtu aliyelazwa chali siku nzima.

Hatua ya 1: Hesabu pumzi, usisubiri homa

Mwili wa mzee haupandishi joto kwa urahisi kama wa kijana. Anaweza kuwa na nimonia kali huku kipimajoto kikisoma 37, na kwa sababu hiyo ongezeko la nyuzi 1 hivi juu ya joto lake la kila siku linatosha kutushtua. Kikohozi nacho huenda kisiwepo, kwa kuwa misuli imedhoofika na hamu ya kukohoa imepungua. Kinachoonekana mwanzo ni mabadiliko ambayo ndugu huyaona kabla yetu: mzee anaanza kuweweseka, anakataa uji aliokuwa akiupenda, anaanguka akienda chooni, anajikojolea ilhali hakuwa na tabia hiyo, au anakaa kimya tu. Familia nyingi husema "ni uzee", nasi wauguzi tunakubali haraka mno. Mzee aliyebadilika ndani ya siku moja au mbili hajazeeka ndani ya siku hizo, na ana jambo la kutafutwa.

Ukisha kuambiwa kwamba mzee amebadilika, kaa kando yake na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Usizidishe sekunde 15 kwa nne, maana pumzi za mgonjwa huwa hazina mpangilio sawa. Mshike kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo ya moyo, ili asijue kwamba unaangalia kifua chake na akabadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20. Ukipata 21 hadi 24 rudia baada ya muda mfupi na umjulishe mganga. Ukipata 25 au zaidi, mganga aje amwone sasa hivi, hata kama joto ni la kawaida.

Jambo moja zaidi kwa wodi zetu. Kipimo cha malaria kikionyesha kwamba mgonjwa anayo, mara nyingi hapo ndipo uchunguzi unapoishia. Malaria na nimonia huweza kukaa kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo pumzi zihesabiwe bila kujali kipimo kimesema nini.

Hatua ya 2: Pima ukali wake

Kipo kipimo rahisi chenye mambo manne ambacho kinaweza kufanywa bila maabara, na kila jambo linalokutwa hupewa alama moja: mgonjwa amechanganyikiwa kuliko kawaida yake, pumzi ni 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu la juu liko chini ya 90 au la chini halizidi 60, na umri ni miaka 65 au zaidi. Mzee wetu basi huanza na alama moja kabla hujamgusa. Akiwa na alama tatu au nne hatari ya kifo hupita asilimia 10, na anastahili kuwa karibu na meza ya wauguzi au kupewa rufaa mapema. Kipimo hiki husaidia akili ya mganga wala hakichukui nafasi yake. Mzee mwenye alama moja anayeishi peke yake na hawezi kumeza dawa bado ni wa kulazwa.

Pima pia oksijeni kwa kifaa cha kidoleni. Mkono uwe na joto, kwa kuwa kidole cha baridi hutoa namba isiyoaminika, na kwa mabibi waliojipaka piko nyeusi kwenye kucha jaribu kidole kisichopakwa au ncha ya sikio. Ni vizuri kujua kwamba vifaa hivi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, yaani wengi wa wagonjwa wetu. Namba ya 93 kwa mzee anayehema isikutulize.

Hatua ya 3: Saa za kwanza

Oksijeni ianze mara inapohitajika, na lengo kwa wengi ni 94 hadi 98. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, awe mvutaji wa sigara wa miaka mingi au mama aliyepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha maisha yake yote, lengo ni 88 hadi 92, kwa sababu oksijeni nyingi kupita kiasi humfanya abaki na hewa chafu mwilini hadi akazidi kusinzia. Lengo hilo liandikwe kwenye chati ili zamu ya usiku isikisie.

Dozi ya kwanza ya antibiotiki itolewe ndani ya saa 4 tangu mgonjwa afike, na ndani ya saa moja iwapo shinikizo limeshuka au ana dalili za sumu kuenea katika damu. Uchaguzi wa dawa ufuate mwongozo wa taifa. Kinachochelewesha dozi ya kwanza mara nyingi si ukosefu wa dawa. Ni ndugu kutumwa dirishani kulipia, kisha famasi, kisha kurudi kukuta muuguzi amehamia kwa mgonjwa mwingine. Wodi iwe na dozi chache za akiba kwenye kabati la dharura, zitumike kwanza na zirudishwe karatasi ikikamilika. Hospitali za Tanzania zina dirisha la wazee, na ni haki dirisha hilo lifanye kazi pia saa nane za usiku.

Makohozi yakipatikana yachukuliwe, na mgonjwa apimwe kifua kikuu hasa kama kikohozi kimezidi wiki mbili, anatoka jasho usiku au amekonda. Kifua kikuu kwa wazee hujificha ndani ya jina la nimonia, na mgonjwa hupewa sindano za wiki nzima bila nafuu. Kipimo cha VVU kisisahauliwe kwa sababu tu mgonjwa ana mvi.

Baada ya saa 48 mganga aipitie upya tiba yote: je, mgonjwa anaweza kuhama kutoka sindano kwenda vidonge? Kwa mgonjwa anayepata nafuu vizuri, siku 5 mara nyingi hutosha. Kila siku ya ziada ya dripu humfunga mzee kitandani, na dripu nyingi mno hujaza maji kwenye mapafu yaleyale tunayojaribu kuyaokoa.

Hatua ya 4: Safisha kinywa kila siku, kwa mpangilio

Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu katika wodi zetu, ningechagua hili. Huko Japani watafiti waliwafuatilia wazee katika nyumba 11 za kulelea kwa miaka miwili, na matokeo yakatolewa mwaka 2002: miongoni mwa waliosafishwa kinywa na walezi baada ya kila mlo, asilimia 11 walipata nimonia, na miongoni mwa walioachwa kama kawaida, asilimia 19. Kilichotumika hasa ni mswaki. Hata hivyo katika wodi zetu kinywa cha mgonjwa hakina mwenyewe: muuguzi hudhani ndugu wamemswaki, na ndugu hudhani hiyo ni kazi ya muuguzi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mkalishe mzee, au umwinue mgongo kadiri inavyowezekana, na utandike kitambaa kifuani. Kama ana meno bandia, yatoe kwanza. Haya husuguliwa kwa mswaki na maji, na usiku hayalali kinywani. Mwangalie ndani kwa tochi ya simu, kwa kuwa mara nyingi utakuta ugali wa mchana umejibana kati ya fizi na shavu, hasa upande uliopooza kwa mwenye kiharusi. Tumia mswaki laini wenye dawa kidogo sana, kiasi cha punje ya kunde. Sugua meno, fizi, sehemu ya ndani ya mashavu na mwisho ulimi, ukianza nyuma kuja mbele bila kufika kooni. Mwache ateme. Asiyeweza kutema asipewe dawa ya meno yenye povu. Tumia mswaki uliolowekwa majini na kukamuliwa, kisha umfute kwa kitambaa safi kilicholowa. Mpake mafuta midomoni ili isipasuke. Asiyekuwa na meno naye husafishwa, maana bakteria hukaa kwenye ulimi na fizi pia.

Kwa mgonjwa asiye na fahamu, mlaze kwa ubavu, shavu likielekea kwenye beseni dogo, na kamwe usimimine maji kinywani mwake. Usiweke kidole chako kati ya meno yake.

Ifanyike baada ya kila mlo na kabla ya kulala, au kwa uchache asubuhi na usiku. Njia iliyofaa pale nilipofanya kazi ni kuiambatisha na mzunguko wa dawa: toroli la dawa linapopita, muuguzi anauliza kuhusu kinywa na anaweka alama kwenye chati. Mswaki uingizwe katika orodha ya vitu ambavyo ndugu huambiwa walete siku ya kwanza, pamoja na shuka na sabuni.

Hatua ya 5: Mlishe akiwa ameketi, bila haraka

Kiswahili kina neno lake kamili kwa hatari hii: kupaliwa. Kijana akipaliwa hukohoa hadi machozi yakamtoka. Mzee dhaifu huweza kupaliwa kimya, bila kukohoa, na dalili pekee ikawa sauti iliyobadilika. Niliwahi kusimama nyuma ya binti aliyekuwa akimnywesha babu yake uji, naye babu amelala chali, kichwa kimeinuliwa kwa kiganja cha mkono tu. Kijiko kilifuata kijiko. Nilipomwuliza babu jina lake, alinijibu kwa sauti yenye maji, kama mtu anayesema huku akisukutua. Uji ulikuwa juu ya koo lake, ukisubiri njia ya kushuka.

Binti yule hakuwa mzembe. Alikuwa na dakika chache, kwa kuwa muda wa kuona wagonjwa ulikuwa unakwisha na mlinzi alikwisha kuanza kuwatoa watu. Ninaamini kwamba utaratibu wetu wa saa za kuona wagonjwa ni chanzo kimojawapo cha nimonia kwa wazee, kwa sababu unamlazimisha ndugu kumaliza bakuli zima ndani ya dakika kumi. Hospitali imruhusu ndugu mmoja, mwenye kadi maalumu, kubaki na mzee tangu mlo uanze hadi nusu saa baada ya kumalizika.

Mzee aketi wima, ikiwezekana kwenye kiti, miguu ikigusa chini. Akiwa kitandani, kichwa na mgongo viinuliwe angalau nyuzi 30 hadi 45. Vitanda vingi havina mkono wa kuinulia, kwa hiyo tumia mito. Lakini mito iliyorundikwa chini ya kichwa peke yake hukunja shingo na kumfanya ateleze. Anza kuipanga kiunoni, kisha mgongoni, kisha kichwani, na chini ya magoti weka kanga au blanketi lililokunjwa ili limzuie kushuka. Mlishaji akae, macho yake yalingane na ya mgonjwa, na kidevu cha mgonjwa kielekee chini kidogo. Kijiko kiwe kidogo. Subiri umeze uuone shingoni kabla ya kuongeza. Baada ya vijiko vichache mfanye aseme neno, na sauti ikiwa ya majimaji simamisha, mwambie akohoe na ameze tena. Akimaliza abaki wima kwa dakika 30 au zaidi.

Mwenye kiharusi asipewe chochote kwa mdomo, hata vidonge, kabla hajajaribiwa kumeza: akiwa macho na ameketi, mpe vijiko vya chai vya maji kimoja kimoja, ukisikiliza kikohozi na sauti. Maji na chai ndivyo vinavyopalia kwa urahisi zaidi. Uji mzito wa wastani au ndizi zilizopondwa laini humezwa kwa usalama zaidi na wengi.

Hatua ya 6: Mtoe kitandani

Mapafu ya aliyelala hayajazwi hewa sehemu za chini, na makohozi hutuama humo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba wagonjwa wa nimonia walioketishwa au kusimamishwa nje ya kitanda kwa dakika 20 ndani ya saa 24 za kwanza walitoka hospitalini takribani siku moja mapema kuliko wengine. Kwa hiyo mzee akiweza kukaa, akae kwenye kiti wakati wa kila mlo. Akiweza kutembea, aende chooni kwa miguu akishikiliwa, badala ya kuletewa chombo kwa ajili ya wepesi wetu. Asiyeweza kabisa ageuzwe kila baada ya saa mbili na ahimizwe kuvuta pumzi ndefu mara kumi kila saa akiwa macho.

Maumivu yatibiwe kwanza. Mwenye nyonga iliyovunjika au mbavu zilizoumia hatavuta pumzi ndefu wala kukohoa, kwa kuwa kila kikohozi ni kisu. Nyonga ifanyiwe upasuaji mapema kadiri uwezo unavyoruhusu, kwa sababu kila siku ya kusubiri ni siku ya kulala chali.

Hatua ya 7: Punguza dawa za usingizi, mirija na maambukizi

Dawa za usingizi na za kutuliza humfanya mzee asikohoe na asimeze vizuri, na mara nyingi huandikwa kwa sababu mgonjwa anapiga kelele usiku, wakati kelele hizo ni za ugonjwa wenyewe. Dawa za kupunguza asidi tumboni nazo zimehusishwa na nimonia, kwa hiyo zisiendelezwe bila sababu. Mpira wa kulishia puani hauzuii kupaliwa kwa mate, na kinywa cha mwenye mpira huhitaji kusafishwa zaidi. Kila asubuhi iulizwe kama mrija bado unahitajika.

Mikono inawe kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ndugu mwenye mafua asije, au avae barakoa.

Hatua ya 8: Weka daftari

Chukua daftari la kawaida na uandike kila mwezi idadi ya wazee waliolazwa kwa saa 48 au zaidi, na wangapi kati yao walianza nimonia baada ya hapo. Kwa kila aliyeipata, andika mambo matatu: kinywa kilisafishwa lini mara ya mwisho, alikuwa amelazwa vipi, na alilishwa na nani. Lisomwe kwenye kikao cha wodi bila kumtafuta mkosaji. Daftari likigeuka kuwa la kuwakamata watu, wiki inayofuata kila kinywa kitaandikwa kuwa kimesafishwa, kama zile pumzi 20.

Hatua ya 9: Siku ya kutoka na miezi inayofuata

Mwambie mzee na familia yake ukweli kuhusu muda wa kupona. Homa huisha ndani ya wiki moja kwa wengi. Maumivu ya kifua na makohozi hupungua sana kufikia wiki ya 4. Kikohozi na kuhema hupungua kufikia wiki ya 6. Uchovu huweza kudumu miezi 3, na wapo wanaohitaji hadi 6. Familia isiyojua haya humlaumu mzee kwa uvivu, au huanza kuzunguka na antibiotiki za dukani. Aliyevuta sigara, au ambaye dalili zake hazijaisha, apigwe picha nyingine ya kifua baada ya wiki 6 hivi, kwa kuwa uvimbe huweza kujificha nyuma ya nimonia. Miezi ya kwanza pia huwa na hatari kubwa zaidi ya mshtuko wa moyo, kwa hiyo dawa za shinikizo na kisukari zisikatizwe.

Uliza kuhusu chanjo. Ile ya nimonia kwa watu wazima ilijaribiwa Uholanzi kwa watu wapatao 85,000 wenye miaka 65 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba ilipunguza kwa asilimia 46 nimonia zinazoletwa na aina za bakteria zilizomo ndani ya chanjo. Haizuii nimonia zote, lakini inafaa, na chanjo ya mafua ya kila mwaka huisaidia. Kwetu chanjo hizi kwa wazee hupatikana zaidi katika vituo vya kulipia, na familia yenye uwezo ielezwe mahali pa kuzipata. Kinga nyingine imo ndani ya nyumba: wajukuu wapelekwe kliniki wakamilishe chanjo zao. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria huyu mwaka 2011, na utafiti wa Kilifi ulionyesha kwamba ugonjwa ulipungua hata kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa, kwa kuwa watoto waliacha kuwabeba bakteria hao puani na kuwaambukiza wakubwa.

Kabla mzee hajapanda gari, mwonyeshe anayeishi naye namna ya kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, na umwombe ahesabu mbele yako hadi namba zenu zilingane. Mwandikie kwenye kadi kwa herufi kubwa: pumzi 25 au zaidi, kuweweseka, kukataa kula kwa siku nzima, au midomo kubadilika rangi, mlete siku hiyohiyo. Chini yake weka tarehe ya kurudi kliniki na namba ya simu ya wodi.